Mabula wa Kuwekesha

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Ngassa alifunga kibanda chake cha vipuri vya baiskeli, akasugua grisi mikononi kwa sabuni ya unga, akaenda kuwa tajiri.

Utajiri wenyewe ulikaa katikati ya mji wa Shinyanga, stoo, nyuma ya duka la vitenge la baba yake Rushabh. Humo, kati ya marobota, kulikuwa na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha maua, utadhani ni mkate unaofichwa nzi. Siku za kazi ilihesabu vitenge. Jumapili ilichezesha ligi ya mpira wa kikapu.

Si ligi ya kukimbia na kutoka jasho. Rushabh aliletewa na binamu yake disketi yenye mchezo wa mameneja. Kila mtu anapewa timu ya wachezaji ambao hawakuzaliwa na mama yeyote, kila mmoja na urefu wake, umri wake na alama zake. Unawapanga, unabadilishana na mwenzako mkikubaliana, halafu Rushabh anabonyeza kitufe, na mashine inacheza mechi zote yenyewe na kutema matokeo. Picha hakuna hata moja, ni majina na tarakimu tu. Lakini watu wazima na ndevu zao walirukaruka mle stoo mpaka vumbi la marobota likawapalia.

Ngassa aliiita timu yake Wachimbaji wa Nyarugusu, kwa heshima ya machimbo ya Geita yaliyomtafuna ujana wote na kumtema hana shati la kubadilisha. Badrudin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa na Kontena za Isaka, na wachezaji wake wote aliwapa majina ya bidhaa zake. Mwalimu Noela wa shule ya msingi alikuwa na Chaki Nyeupe. Na mkiani, msimu nenda msimu rudi, walikaa Ng'ombe wa Samuye, timu ya Mzee Masele.

Masele alikuwa mfugaji aliyeleta maziwa kwa baiskeli nyumbani kwa kina Rushabh. Siku moja alichungulia stoo, akauliza kelele zile ni za nini, akaelezwa. Akafikiri kidogo. Kisha akauliza kama humo ndani ya mashine kuna kijana mrefu.

Mwanawe Mabula aliwahi kuucheza mpira huo sekondari. Mzee alikwenda kumtazama mara moja tu, akamwona akiruka hadi kuning'inia kwenye chuma cha kikapu, na picha ile haikumtoka tena. Halafu Mabula akakimbilia Geita kusaka dhahabu, kimya, wala salamu. Basi Rushabh akampa mzee timu, na kwa kuwa mashine iliruhusu kubadili majina, kinda mmoja mrefu kama nguzo ya simu, mwembamba, asiyejua kitu, akabatizwa Mabula.

"Magoti yake yakoje?" Masele aliuliza kila Jumapili, kama mtu anayenunua dume mnadani.

"Mzee, mashine haioneshi magoti," Rushabh humjibu.

"Basi mashine haijui kununua."

Hapo Ngassa haachi kuchokoza. "Baba Mabula, wamekufunga tena! Jaribu kuwapeleka kunywa maji kabla ya mechi."

"Na wewe jaribu kunyamaza, labda wako watasikia mpira unapodunda."

Stoo nzima ikacheka, na Masele akacheka kuliko wote, jino lake la mbele lililovunjika likionekana. Ngassa alimpenda mzee yule. Hilo halina ubishi, na ndilo lililokuja kumkaa kooni baadaye.

*

Baada ya zile mvua kubwa zilizokata barabara, dereva mmoja wa malori ya Isaka alileta habari kwamba kijana mrefu wa Samuye ameonekana Nyarugusu, anaingia maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu. Masele akaamua kwenda. Lakini kabla ya kupanda lori alipita stoo, kofia mkononi, kwa sababu kulikuwa na jambo moja linalomnyima usingizi.

Ligi ilikuwa na sheria. Meneja asipokuwepo, mashine huendesha timu yake. Na mashine, kwa akili zake, ilipenda wachezaji waliokomaa. Makinda iliwatupa nje bila huruma.

"Itamtupa," Masele alisema.

"Inaweza kumtupa," Rushabh alikiri.

Mzee akamgeukia Ngassa. "Mwanangu, wewe mama yako yuko Didia, unajua mambo ya watu wanaofuga. Nataka nikuwekeshee Mabula."

Ngassa alijua, bila kuelezwa. Kwao mtu haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Anampeleka mmoja kwa rafiki, mwingine kwa shemeji, ili ugonjwa au mwizi akija asimalize mifugo yote. Aliyewekeshewa anakamua na kunywa maziwa, hayo ni halali yake, lakini ng'ombe na ndama ni vya mwenyewe. Mnyama akifa, unamchuna na kumpelekea mwenyewe ngozi, aone kwa macho yake. Kumuuza hakusemwi hata kwa mzaha.

Rushabh, ambaye hakuwahi kufuga hata paka, alikuna kichwa. Mashine haikuwa na kuwekesha. Ilijua kubadilishana tu, kutoa na kupokea. Basi wakaifanyia ujanja. Ngassa alitoa mchezaji mmoja mzee wa timu yake, aliyebakiwa na alama chache, akapokea Mabula. Mashine haikusita hata kidogo, maana wakati ule warefu hawakuwa na soko. Kila meneja alitaka wadunguaji, wale wa kufunga kutoka mbali.

"Maziwa kunywa," Masele alimwambia Ngassa, akimpiga bega. "Mchezeshe, ashinde, sifa zako. Mimi nikirudi nichukue mtoto wangu tu."

"Nitamlaza kitandani kwangu mzee, mimi nilale chini."

"Miguu itatokeza nje," alisema Masele, akaondoka anacheka.

*

Sasa soko likafanya vituko vyake.

Mwalimu Noela, ambaye wenzake walikuwa wakimtupia warefu bure, kama mtu anayetupa maganda, aliwapanga wawili pamoja chini ya kikapu. Hakuna mpira uliowapita. Wadunguaji wa Badrudin walirusha, wakakosa, na kila walipokosa, warefu wa mwalimu walidaka. Chaki Nyeupe wakachukua kombe, na Noela akazunguka stoo akiwagawia wanaume karanga, mmoja mmoja, kama wanafunzi waliofeli.

Jumapili iliyofuata watu waliingia na macho ya homa. Ngassa aliyajua macho yale. Ndivyo walivyoangalia wachimbaji siku ya rashi, dhahabu inaposikika mahali na kila mtu anabeba sururu usiku huohuo. Mrefu yeyote, hata asiyejua kudaka, alikuwa na wachumba wanne. Mdunguaji aliyekuwa lulu juzi akawa kifusi.

Badrudin akasogeza kigoda karibu na Ngassa. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kubembeleza hata anapokukatalia.

"Ngassa ndugu yangu, nipe yule mrefu wako. Chukua Nondo."

"Si wa kwangu, Bwana Badru. Wa kuwekesha."

"Chukua Nondo na Msumari."

Nondo na Msumari walikuwa wadunguaji wawili bora kupita wote ndani ya mashine. Aliona wazi kile ambacho homa iliwaficha wengine: kama wote wanakimbilia warefu, mwenye wadunguaji atabaki peke yake uwanjani. Hajawahi kushinda kitu, Ngassa. Si dhahabu, si bahati nasibu, wala huo mpira wa tarakimu.

"Ngassa," Mwalimu Noela alisema bila kuinua macho kutoka kwenye karanga zake, "yule ni wa watu."

"Mwalimu, ni majina kwenye kioo tu!"

"Basi mbona unatetemeka?"

Ngassa akacheka, maana kucheka ndiko alikojua. Akajiambia ni mchezo. Akajiambia atamrudisha kabla mzee hajashuka kwenye lori, na nani atajua? Akakumbuka pia, ingawa hakutaka, kiroba cha mawe yenye dhahabu alichomwachia mwenzake pale Nyarugusu alipoumwa malaria, na jinsi alivyorudi anapepesuka akakuta mwenzake na kiroba wote hawapo. Kumbukumbu hiyo aliisukuma pembeni kwa kiwiko.

"Haya. Bonyeza, Rushabh."

Rushabh akamwangalia kidogo, akabonyeza.

*

Wachimbaji wa Nyarugusu walishinda mpaka ikawa haichekeshi tena. Siku waliyotwaa ubingwa, Ngassa alinunulia stoo nzima soda, akasimama juu ya robota kutoa hotuba, mkono mmoja kiunoni. Ndipo mlango ukasukumwa. Dereva wa malori, yuleyule.

"Yuko wapi Ngassa? Nina salamu zako kutoka Geita. Mzee Masele. Bado anamtafuta kijana wake, anazunguka machimbo kwa machimbo. Anasema hivi, mpe majani yule mrefu."

Badrudin alianza kucheka, akaacha njiani. Ngassa aliteremka kutoka juu ya robota polepole, kama mtu mwenye mgongo mbovu. Soda yake hakuimaliza.

Baada ya hapo hakuweza hata kulitazama jina la Mabula kwenye kioo. Akamfuata Badrudin dukani siku ya kazi, akamwomba amrudishe.

"Rafiki, soko liko juu," Badrudin alisema, akipima waya. "Nirudishie Nondo, nirudishie Msumari, na uniongeze yule mgawaji wako wa pasi."

"Huo ni wizi!"

"Hiyo ni bei."

Mtu mwenye aibu ya kutosha angelipa palepale. Ngassa alijua hivyo, na alijua tangu siku ileile. Lakini machimbo yalimfundisha somo moja kwa viboko, usinunue siku ya rashi. Tena aliona soko limeanza kuchoka. Kila timu sasa ilikuwa na minara mitatu na hakuna wa kuwapelekea mpira. Subiri kidogo, alijisemea, warefu watashuka, utamchukua Mabula kwa mchezaji mmoja wa kawaida, na ubingwa utabaki nao. Mabula arudi na Nondo abaki. Akasubiri.

Na hesabu yake, ajabu, ilikuwa sahihi. Warefu wakashuka. Wakaporomoka, si kushuka. Jumapili ya mwisho wa msimu Ngassa alikuwa Didia, akimsaidia mama yake kuvuna pamba. Aliporudi mjini wiki iliyofuata aliingia stoo anasugua viganja.

"Bwana Badru! Nimekuja kumchukua mtoto. Sasa hivi hata kwa bei ya kutupwa utanipa."

Badrudin alishusha kikombe. "Nimeshamtupa."

"Umemtupa wapi?"

"Nje. Ilibidi nipunguze watu, hakuna aliyemtaka. Ningekuuliza vipi? Hukuwepo."

Ngassa akamgeukia Rushabh, ambaye tayari alikuwa anatikisa kichwa. Msimu mpya unapoanza, mashine huwafuta wasio na timu. Hakuna kapu la takataka la kuchakura. Amefutika.

"Naweza kubadilisha jina la mwingine," Rushabh alisema taratibu. "Kuna mrefu mmoja hivi. Nimuite Mabula."

"Ndiyo," Noela akasema. "Na ng'ombe wa mtu akipotea, mnampaka rangi wa jirani."

Rushabh akaondoa mkono kwenye kompyuta.

*

Masele alirudi Jumapili nyingine. Walimsikia kabla hawajamwona, ile baiskeli yake yenye madumu yanayogongana. Wiki nzima Ngassa alikuwa amejipangia maneno. Nimemuuza, mzee, nisamehe. Maneno machache, hata kasuku angeyamudu. Aliyarudia akiziba pancha, aliyarudia akila ugali.

"Shikamoo, mzee," walisema wote kwa pamoja, haraka mno.

"Marahaba, wanangu."

Alikuwa amekonda. Alikaa juu ya robota lake la siku zote, akavua kofia.

"Nimemwona," alisema. "Mabula. Mrefu vilevile, ila mgongo umeanza kupinda, kwa kuinama mle shimoni. Aliponiona alijificha nyuma ya turubai, mtoto mzima, miguu yote inaonekana." Akacheka kidogo, peke yake. "Hataki kurudi. Anasema atarudi akipata. Nikamwambia hata usipopata. Hataki. Basi njiani nikawaza, si neno. Kuna mwingine Shinyanga, huyo hanikimbii." Akamtazama Ngassa. "Hajambo?"

Yale maneno machache yakamkauka Ngassa mdomoni. Machozi yakamtoka ghafla, machozi ya kweli, na hilo ndilo lililoharibu kila kitu, kwa maana Masele aliyaona na kuyaelewa kwa namna yake.

"Amekufa," mzee alisema.

Ngassa akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Alikufa na nini? Magoti?"

Mlango huo hapo, umefunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe. Ngassa aliingia.

"Magoti, mzee."

"Kweli, magoti," Badrudin alidakia, kwa nia njema kabisa. "Yalimwisha."

"Nilisema mimi tangu mwanzo," Masele alinong'ona. "Mashine haioni magoti." Akanyoosha kichwa kuelekea kioo. Rushabh akawahi kuizima kompyuta.

"Umeme umekatika," alisema.

Juu ya vichwa vyao feni iliendelea kuzunguka. Noela aliitazama, akamtazama Ngassa, akachukua mkoba wake na kutoka nje.

*

Asubuhi moja, kabla hajapanga minyororo na tairi zake barazani, Ngassa aliona mzee anakuja kwa miguu, mkononi kamba, nyuma ya kamba mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso.

"Mwangaluka, Ngassa," mzee alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Unampeleka mnadani?"

"Nakuletea wewe."

Ngassa alidhani ni utani, akaangalia kama jino lililovunjika linaonekana. Halikuonekana.

"Mtu akifiwa na mnyama wa kuwekesha bila kosa lake, hatumwachi mikono mitupu, watu wakasema amelaaniwa," Masele alisema. "Tunampa mwingine. Wengine wangecheka, wangesema ni tarakimu. Wewe ulimlilia. Nimemweleza mama Mabula, naye akasema, huyo ndiye wa kumwekeshea. Huyu atazaa karibuni. Mpeleke Didia kwa mama yako." Akamnyooshea kamba.

Mtamba alipumua kwenye mkono wa Ngassa, pumzi ya moto yenye harufu ya majani. Kamba ilikuwa mpya, ya katani, bado inachoma. Alikuwa ameshaishika.

"Mzee," alisema. Sauti ilitoka kama ya mtu aliye chini ya duara. "Magoti yalikuwa mazima."

Masele akainua uso.

"Nilimuuza. Kwa Badrudin, nipate ubingwa. Nikaupata. Nilitaka kumrudisha, nikangoja bei ishuke. Akatupwa. Ngozi sina."

Mpita njia alisimama kuuliza bei ya pampu. Ngassa hakumjibu, naye mpita njia akaenda zake. Masele alimtazama mtamba wake muda mrefu, kama anayemtaka ushauri.

"Ulipolia mbele yangu pale," alisema hatimaye, "ulikuwa unamlilia nani?"

"Sijui, mzee. Nafikiri mimi mwenyewe."

"Angalau hapo hukunidanganya." Akaivuta kamba kutoka mkononi mwa Ngassa, si kwa nguvu. Akaanza kugeuka. Kisha akasimama. "Mama yako, yeye amekosa nini?"

"Hajui lolote."

"Nilishamtumia habari. Atakuwa amefagia zizi tangu juzi." Akashusha pumzi. "Nitampeleka mwenyewe. Namwekeshea yeye, si wewe. Maziwa ni yake. Akitaka kumpa jirani ampe, akitaka kumpa paka ampe. Wewe usiyaguse."

"Ndiyo, baba."

"Majani utakata."

"Nitakata."

"Na usimwambie sababu. Mtoto wake ni wewe tu."

Akaondoka na mtamba wake, wakifuatana pembeni mwa barabara, bila kugeuka nyuma.

Jumapili hiyo stoo ilimkosa Ngassa, na nyingine pia. Alikuwa Didia na mundu. Ng'ombe alizaa jike, mwekundu kama mama yake, na maziwa yakawa mengi hadi nyumba ikanuka mtindi. Kila alipotua mzigo wa majani, mama yake alimletea kibuyu kimejaa, povu likiwa bado linapasuka juu.

"Kunywa baba, una jasho."

"Tumbo, mama. Nipe maji tu."

Mama yake alimtazama, kibuyu mikononi. Mtoto huyu alilelewa kwa maziwa, aliwahi kuchapwa kwa kuyaiba.

"Tangu lini tumbo lako likakataa maziwa?"

Ngassa akachukua mundu, akasema majani hayatoshi, akarudi porini.